Nyundo za Saa ya Mwisho

Shemeji yangu Nkwabi alikuwa anakula chapati nusu. Nusu nyingine aliikunja kwenye karatasi, akaisokomeza mfukoni, na ukimuuliza alikuambia, "Baadaye." Nimepika chapati pale machimboni, nje kidogo ya Kharumwa, miaka mingi. Nimewapikia walevi, walokole, watu waliotoka jela na watu waliostahili kwenda, lakini hakuna aliyenikera kwa chapati kama yeye. Chapati huliwa ya moto. Hiyo ya baadaye inakuwa kandambili.

Alikuwa hivyo kwa kila kitu. Mdogo wangu Mariana, mke wake, aliwahi kunilalamikia kwamba sabuni ya kuogea ilikaa ndani mpaka ikaisha harufu, ilhali wao wanaogea kipande cha kufulia. Kuna kitenge alimnunulia Kahama, cha rangi ya chungwa, kizuri kweli, kikafungiwa kwenye begi juu ya kabati kusubiri sherehe ambayo hakuna aliyeijua. Na mimi, kwa kuwa kibanda changu kina sola na ninachaji simu za wachimbaji, aliniletea simu yake ikiwa imebakiza chaji ya kupumulia tu.

Akifika hakupiga hodi. Aligonga meza yangu kwa kifundo cha kidole, mbili za harakaharaka, halafu moja peke yake, akasubiri. Hata nikiwa nimempa mgongo nilijua ni yeye.

"Shemeji, usiichaji ikajaa. Nusu inatosha."

"Na kichwani mwako pia waliweka nusu," nilimjibu, naye alicheka. Hata kukasirika alikuwa hana haraka nako.

Pale duarani, yaani kwenye lile shimo wanaloshuka kutafuta dhahabu, alikuwa haitwi Nkwabi. Hakuna anayeitwa jina la nyumbani karibu na mdomo wa duara. Ni desturi tuliyoikuta, na sisi tunaoicheka mchana ndio tunaoishika zaidi. Ukishuka unakuwa na jina la chini. Jina la nyumbani unaliacha juu, na unaitwa tena hilo ukishatoka, ukanawa, ukashika njia ya kwako. Wazee wa machimbo wanasema shimo likilijua jina lako litakuwa na sababu ya kukuita. Basi Nkwabi akaitwa Baadaye, na mwenzake wa kushuka naye, Donatus, akaitwa Fasta, kwa sababu alikuwa hajui kusubiri hata chai ipoe.

Sasa gemu. Mtu anavunja mawe tangu asubuhi mpaka mgongo unalia, akitoka anakaa kwenye benchi langu, anavunja mawe ya kwenye simu. Nilimcheka Nkwabi sana kwa hilo, mpaka siku aliponiwekea kwenye simu yangu, na mimi nikanasa. Ni kamtu kadogo kenye kofia ya mgodini. Kila jiwe linakula nyundo, na nyundo zinakuja zenyewe, kwa uchache na kwa kujivuta. Mwisho wa wiki linafunguliwa shindano fupi, Jumamosi alfajiri mpaka Jumapili jua likizama. Nyundo ulizokusanya kwa ajili yake, likifungwa, zinafutika. Usipozitumia huna.

Tulikuwa na kikundi. Mimi, Nkwabi, Donatus, na watu wengine ambao hatukuwahi kuwaona, mvuvi mmoja wa Nkome na dereva wa bodaboda wa kule Bulyanhulu. Donatus alimaliza nyundo zake zote shindano likiwa bado bichi, kisha akaanza kuombaomba kila mtu. Mimi nilizitumia kidogokidogo, kama chumvi. Nkwabi hakugusa. Alikuwa anafungua simu, anawatazama wengine wanavyohangaika, anaizima. Saa ya mwisho, mawe yakiwa yamelegea na wenye pupa wameishiwa, ndipo alipoketi vizuri, akavuta pumzi, akasema, "Sasa. Maliza zote." Na kweli alimaliza zote. Mara nyingi kikundi chetu kilishinda kwa saa ile moja tu.

"Hujawahi kuogopa kuchelewa?" nilimuuliza siku moja.

"Anayechelewa ni yule aliyemaliza mapema, shemeji," alisema. "Yeye saa ya mwisho ikifika hana kitu mkononi."

Jumamosi ile Donatus alikuja kunywa chai akiwa ameshamaliza nyundo zake hata uso hajanawa. Nkwabi akaja nyuma yake, akagonga meza, mbili halafu moja, akanipa simu.

"Zipo zote. Usiguse hata moja. Kesho saa ya mwisho nitakuwa hapa kwenye benchi."

"Na usipokuwepo?"

"Nitakuwepo," akasema, akakata chapati katikati, nusu akaila, nusu akaikunja. Wakashuka.

Watu hudhani duara likianguka linapiga kelele. Mimi sikusikia kitu. Niliona vumbi likitoka mdomoni mwa shimo taratibu, kama moshi wa jikoni, na kuku wangu wote wakaacha kudonoa. Halafu wanaume wakaanza kukimbia, na mmoja akazima karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Pale kwetu karasha halizimwi. Tunalala nalo, tunasali nalo. Lilipozimwa nilisikia masikio yangu mwenyewe, na kwa mbali mbuzi wa mtu, na nikajua ni nani walio chini.

Mwenye duara ni mzee Maganga, mtu mzima aliyeanza kuchimba kabla sisi hatujaota meno. Alisimamisha nondo ndefu kwenye mwamba, akaigonga kwa nyundo ili sauti ishuke, kisha akainua mkono na sote tukanyamaza. Hakuna aliyejibu. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Tunagonga mara tatu, kwa kuachanisha, huku vijana wakichimba njia ya pembeni kutokea duara la jirani. Mara ya tatu ikipita kimya, vijana wanatolewa, tawi la mti linalazwa mdomoni, na wale walio chini wanahesabiwa maiti. Wanakuja kutolewa polepole, ardhi ikishatulia, maana hakuna anayetoa roho ya aliye hai kumfuata aliyekwisha kufa. Gari la uokoaji lilishapigiwa simu, lakini mvua ilikuwa imeharibu barabara nalo lilikuwa linapambana na tope.

Mchana wakagonga tena. Kimya.

Mariana alifika Jumapili asubuhi kutoka kijijini. Nilipomwona nilishtuka. Alikuwa amevaa kile kitenge cha rangi ya chungwa, mikunjo ya begi bado imesimama.

"Acha anikute nimekivaa," aliniambia kabla sijauliza. "Atoke aje agombe. Nataka kumsikia anagomba."

Nilimkalisha kwenye benchi langu. Alikataa uji. Mzee Maganga akagonga mara ya tatu, akagonga sana safari hii, na watu wote wa machimbo wakasimama wameinamisha vichwa, wanasikiliza kwa miguu kuliko kwa masikio. Hakikurudi kitu. Alipoinama kuokota tawi, mwili wangu ulikwenda wenyewe mpaka pale alipo.

"Mzee Maganga, Baadaye hajibu mapema."

"Mama Rosemary, rudi ukae."

"Huyu mtu hata gemu hachezi mpaka saa ya mwisho. Wewe mwenyewe umewahi kumwona anamaliza chapati? Ana taa, ana chupa ya maji, ana pumzi. Anavitunza. Akisikia mnagonga, anajua mpo. Ajibu ya nini? Atajibu akiona mmekaribia."

Kuna aliyecheka nyuma, kicheko kibaya. Mzee Maganga hakucheka.

"Nina watoto wa watu kule pembeni, wanachimba chini ya ukuta unaomwagika," akasema. "Nao wakifunikwa, nikawaambie mama zao nini? Kwamba nilikuwa nasubiri gemu?"

"Subiri jua lizame tu. Shindano ndipo linapofungwa. Sikwambii habari ya gemu, mzee. Nakwambia mtu alivyo."

Mariana naye alikuwa amekuja, amesimama nyuma yangu. "Shikamoo, mzee," akasema kwa upole uliomshinda kila mtu pale. "Ndivyo alivyo. Mimi naishi naye."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alilitazama tawi, akalitazama shimo. Akaliweka tawi pembeni ya mdomo, si juu yake. "Jua likizama," akasema.

Niseme wazi kwamba niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilikuwa nimeweka watoto wa watu chini ya ardhi kwa maneno yangu. Nilirudi kibandani nikajifanya nasugua sufuria. Simu ya Nkwabi ilikuwa mezani kwenye chaji, na kila mara iliwaka yenyewe, kale kamtu kenye kofia kamesimama katikati ya kioo, kanagonga mguu chini, kanasubiri. Nyundo zako zinakungoja, iliandika. Mvuvi wa Nkome naye alituma ujumbe kwenye kikundi, "Baadaye yuko wapi leo? Muda unakwenda."

Alasiri yote hapakuwa na upepo. Lakini mdomo wa duara ulikuwa unapumua. Hewa ya baridi ilitoka, ikakatika, ikatoka tena, na wanaume waliokuwa wamekaa karibu walihama mmoja mmoja bila kusemezana, mpaka akabaki Mariana peke yake, amekunja miguu ndani ya kitenge. Nilimpelekea maji.

"Dada," akasema, "kuna mtu anaongea."

Nikainama. Kwanza sikusikia. Halafu nikasikia, au nikadhani nimesikia, kama mazungumzo ya mwanaume aliye chumba cha pili. Maneno huyapati. Unachopata ni kwamba anamweleza mtu jambo, na hana haraka.

"Ni vijana wa pembeni," nikamwambia.

"Wale wako upande ule," Mariana akasema, akanyoosha mkono nyuma yetu.

Nilirudi kibandani. Jua lilikuwa limefika kwenye bati la karasha. Simu ya Nkwabi iliwaka, ikaandika kwamba imebaki saa ya mwisho, na kwa mara ya kwanza kale kamtu kaliacha kugonga mguu.

Ndipo tuliposikia sote. Chini kabisa, chuma juu ya mwamba. Mbili za harakaharaka, halafu moja peke yake.

Nilipiga yowe. "Ni yeye! Mayu wane, mama yangu, ni yeye, ndivyo anavyogonga meza yangu!" Mariana alikuwa ameshasimama, amejiziba mdomo. Mzee Maganga akatunyamazisha kwa mkono, akalaza sikio kwenye nondo, na mlio ukaja tena, na tena, bila kupumzika sasa, kama mtu anayemaliza alichonacho. Akawapigia kelele vijana wa pembeni wapinde kushoto, waifuate sauti. Walikuwa wanakwenda siko kabisa. Kama wangeendelea vile, wangepita mbali nayo.

Walimtoa mtu jua likiwa bado halijazama vizuri. Amefungwa kitambaa machoni kwa sababu ya mwanga, mweupe wa vumbi, anatetemeka. Mariana alimkimbilia mikono mbele, kisha akasimama. Kidevu kile hakikuwa cha mume wake.

Alikuwa Donatus.

Tulimpa maji. Alikunywa funda moja, akairudisha chupa, na hilo peke yake lilinitisha, maana Donatus namjua.

"Mtoeni Baadaye," akasema. "Yuko nyuma ya jiwe, palepale nilipokuwa mimi. Tumeongea muda wote."

"Ameumia?" Mariana akauliza.

"Hajasema ameumia. Yeye alikuwa ananikataza tu. Mlipogonga mara ya kwanza nilitaka kujibu, akaniambia, bado. Zima taa. Kunywa funda moja. Nikalia, nikamtukana, akasema, tukana lakini usiguse nyundo, juu yako kuna kifusi kinaning'inia, ukigonga sasa kinakumaliza. Acha kikae. Mlipogonga tena akasema bado. Mara ya tatu nikamwambia watatuacha, akasema hawatuachi, Mama Rosemary yupo." Akanigeuzia uso wake uliofungwa kitambaa. "Halafu leo hii akaniambia, sasa. Maliza zote. Gonga kama ninavyogonga meza ya shemeji."

Vijana walirudi. Nyuma ya lile jiwe hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na nafasi ya mtu. Palikuwa na mwamba mzima ambao hakuna aliyewahi kuutoboa.

Nkwabi walimkuta kwingine, juu kidogo, chini ya ngazi, matimba yale ya kushikilia kuta yamemlalia kifuani. Walipomleta juu mzee Maganga alimgusa shingo, akamkunja mkono, akaukunjua. Ni mtu aliyewatoa wengi, anajua maiti ya leo na ya jana.

"Huyu alikwenda palepale lilipoanguka," akasema kwa sauti ya chini. "Jana asubuhi. Hakupata hata muda wa kuita."

"Hapana," Donatus akasema. "Hapana, mzee. Mchana huu tumeongea."

Mzee Maganga akawatoa vijana wote, akawahesabu kwa kuwagusa mabega, wote wakawa juu. Mariana alikuwa amepiga magoti. Alivua kitenge, akabaki na gauni lake la ndani ya kitenge, akamfunika mumewe mpaka kichwani. Mikunjo ya begi ilikuwa bado haijanyooka. Halafu aliingiza mkono kwenye mfuko wa suruali ya mumewe, akatoa kile kikaratasi. Nusu chapati ilikuwa nzima. Chupa yake ya maji kiunoni nayo ilikuwa haijafunguliwa.

Mdogo wangu alikaa chini palepale, akaikata ile nusu vipande viwili. Kimoja akampa Donatus, kingine akaanza kula yeye mwenyewe. Watu waliguna. Chakula cha marehemu hakiliwi hivyo, na marehemu bado yupo hapo. Mimi nilimtazama kila aliyeguna mpaka akatafuta pa kuangalia.

Donatus alimega kidogo, akatafuna. Kisha kile kilichobaki akakikunja, akawa anapapasa mfuko wake. Donatus yule, ambaye hajawahi kubakiza kitu.

Mariana akamshika mkono. "Kula," akasema. "Kula yote. Kula sasa." Sauti yake ilipanda, na hapo ndipo kilio kilipomtoka, kwa hasira kabisa. "Umesikia? Maliza!"

Donatus akala yote, machozi yanatoka chini ya kitambaa.

Na tukiwa tumesimama hivyo, karasha limezimwa, watu wote juu, mmoja kwenye kitenge, tukasikia tena kutoka chini. Mbili za harakaharaka. Halafu moja peke yake. Halafu kimya cha mtu anayesubiri.

Hakuna aliyekimbia. Mzee Maganga alinong'ona, "Washeni karasha. Washeni, tusisikie." Kijana mmoja akaanza kwenda. Lakini Mariana alishanyanyuka. Alikwenda mpaka ukingoni, akalisukuma lile tawi kwa mguu, akainama juu ya shimo. Nilijua anachotaka kufanya, nikataka kumzuia, kisha nikaona sina haki hiyo.

"Nkwabi!" akaita.

Jina la nyumbani, pale mdomoni, kwa sauti yote. Niliona watu wazima wakijishika vichwa.

"Nkwabi, toka. Mwenzako ametoka. Shindano limekwisha. Twende nyumbani."

Tulingoja. Ile hewa ya baridi ilipanda mara moja, ikatupitia miguuni, kitenge kikatikisika kidogo juu ya maiti, na kisha shimo likawa shimo tu. Halijagonga tena tangu siku ile. Mzee Maganga alilifukia, na mimi nimebaki palepale na meza yangu.

Walipomwinua kumpeleka kwenye gari la uokoaji, lililokuwa limefika mwishowe, nilikumbuka simu. Nilirudi kibandani. Jua lilikuwa limezama, shindano limefungwa, na zile nyundo zake zote ambazo hakuna aliyezigusa zilikuwa zimefutika, kama gemu linavyofanya kwa kila mtu. Kale kamtu kalikuwa kamekaa chini, kofia pembeni. Chaji ilikuwa imejaa, kitu ambacho asingekubali. Niliichomoa, nikampelekea Mariana.